"Nifuateni": Admirali Karel Doorman na Mapigano ya Bahari ya Java, 1942



Historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia tuliyofundishwa shuleni ilikuwa zaidi historia ya Ulaya. Tulikariri Hitler na Mussolini, tukakariri Stalingrad na Normandy, tukajibu maswali na kufaulu. Bahari yetu ya Hindi ilipewa nafasi ndogo, na upande wake wa pili, kule Indonesia, haukutajwa kabisa. Kwa hiyo katika toleo hili nimeonelea nizungumzie ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uholanzi aliyepigana na kufa huko, Admirali Karel Doorman.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kushindwa kwake kulisogeza vita karibu na pwani yetu kuliko wengi tunavyodhani. Pili, mimi ni mtumishi wa Serikali. Kazi yangu ni kupokea maagizo kutoka juu na kuyapeleka chini, na sijapata kusoma kisa kinachoonyesha waziwazi kama hiki safari ya agizo, tangu linapoandikwa mezani mpaka linapomfikia mtu anayetakiwa kulitekeleza bila vifaa.

Mchora ramani na rubani

Karel Willem Frederik Marie Doorman alizaliwa mjini Utrecht tarehe 23 Aprili, 1889, katika familia ya kijeshi. Mwaka 1906 aliingia chuo cha maofisa wa majini huko Den Helder. Alihitimu mwaka 1910 na kupelekwa katika koloni la Uholanzi la Mashariki, nchi tunayoiita leo Indonesia. Kazi yake huko haikuwa ya mizinga. Alikuwa miongoni mwa maofisa waliopima pwani ya New Guinea na kuichorea ramani, kazi ya subira na ya jua kali.

Aliporudi kwao alijiunga na fani iliyokuwa changa mno, urubani. Mwaka 1915 alipata leseni, akawa mmoja wa maofisa wa mwanzo wa jeshi la majini la Uholanzi kurusha ndege. Ndege za siku hizo zilikuwa mbao, kitambaa na waya, na rubani aliyetua salama alimshukuru Mungu. Baadaye aliongoza kituo cha ndege za majini. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini: mtu tunayemzungumzia alijua, kabla ya wenzake wengi, ndege inaweza kuifanyia nini meli. Siku ya kifo chake alikosa ndege.

Baada ya masomo ya juu ya kijeshi alirudi Mashariki kuwa ofisa wa mizinga katika manowari De Zeven Provinciën. Manowari hiyo ilipata sifa nyingine mwaka 1933, wakati yeye alikwisha kuihama. Serikali ya koloni ilikuwa imepunguza mishahara, na mabaharia wa Kiindonesia pamoja na wenzao wa Kiholanzi waliasi, wakaiteka meli yao karibu na Sumatra. Ndege ya jeshi la majini ilidondosha bomu juu ya sitaha, watu 23 wakafa. Kwa hiyo meli za Uholanzi hazikuwa na moyo mmoja. Wengi waliochochea moto na kubeba risasi ndani yake walikuwa wananchi wa nchi iliyotawaliwa.

Doorman aliendelea kupanda ngazi. Aliongoza manowari kubwa Sumatra na Java, na mwaka 1938 akakabidhiwa kikosi chote cha ndege za majini katika koloni hilo. Mwezi Mei 1940 alipewa cheo cha admirali, na mwezi uliofuata akakabidhiwa kikosi cha manowari.

Manahodha wengi

Cheo hicho alikipata katika mwezi mchungu. Tarehe 10 Mei, 1940, Wajerumani waliivamia Uholanzi, na kwa siku tano nchi ikasalimu amri. Malkia Wilhelmina na serikali yake walikimbilia London. Kikosi cha Doorman kikabaki kinalinda koloni ambalo nchi yake mama imekwisha kutekwa. Meli ikiharibika, hakukuwa na kiwanda cha nyumbani cha kuipelekea. Baharia akifa, hakukuwa na kijiji cha kuombea mwingine.

Wajapani walihitaji mafuta ya Borneo na Sumatra. Desemba 1941 waliishambulia Pearl Harbor, na siku tatu baadaye ndege zao zikazizamisha manowari mbili kubwa za Waingereza, Prince of Wales na Repulse, karibu na Malaya. Januari 1942 mataifa manne, yaani Marekani, Uingereza, Uholanzi na Australia, yaliunda uongozi mmoja wa kijeshi chini ya Jenerali Archibald Wavell wa Uingereza. Kwenye karatasi ulikuwa umoja mzuri. Lakini wahenga wetu walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Waingereza walikuwa na macho yao Singapore. Wamarekani walifikiria Australia na ulinzi wa bahari ya Pasifiki. Kwa Waholanzi, Java ndiyo iliyokuwa kila kitu. Admirali Conrad Helfrich, aliyeshika uongozi wa meli zote katikati ya Februari, alizaliwa Semarang, katika kisiwa hichohicho cha Java. Kwake yeye kuondoka Java kulikuwa kuondoka nyumbani.

Doorman alipewa kikosi cha mapigano cha mataifa hayo manne. Tarehe 4 Februari, 1942, alipotoka nacho, ndege za Kijapani zilikivamia na kuziharibu manowari mbili za Marekani, Houston na Marblehead. Alirudi. Katikati ya mwezi alitoka tena upande wa Sumatra, ndege zikamjia tena, akarudi tena. Wapo waliomnung'unikia kwamba ni mwepesi wa kugeuza meli. Usiku wa kuamkia tarehe 20 alishambulia katika mlango wa bahari wa Badung, karibu na Bali, kwa mafungu yaliyoachana kwa saa kadhaa. Manowari Piet Hein ikazama, na Tromp ikaumizwa hata ikapelekwa Australia kutengenezwa. Singapore ilikwisha kuanguka tarehe 15. Tarehe 25 Wavell aliondoka Java na uongozi wa pamoja ukavunjwa. Kikosi cha pamoja kiliachwa baharini.

Siku ya 27 Februari

Kikosi hicho kilikuwa na meli 14: manowari kubwa tano na manowari nyepesi tisa. Manowari kubwa zilikuwa De Ruyter, aliyopanda Doorman mwenyewe, Java ya Waholanzi, Exeter ya Waingereza, Houston ya Wamarekani na Perth ya Australia. Houston ilikuwa imepoteza mizinga mitatu kati ya tisa katika shambulio la tarehe 4. Mabaharia walikuwa wamezunguka baharini usiku na mchana bila usingizi, na tarehe 27 Doorman aliwaarifu wakubwa wake kwamba watu wake wamefikia kikomo cha uwezo wao. Agizo la Helfrich lilikuwa kwamba lazima aendelee kushambulia mpaka adui aangamizwe.

Alasiri hiyo meli zilikuwa zinaingia bandari ya Surabaya ilipokuja taarifa: msafara wa Wajapani umeonekana kaskazini. Doorman aligeuza meli mdomoni mwa bandari. Hakungoja mafuta wala mapumziko.

Hapa ndipo panaponiuma mimi kama mtu wa ofisini. Meli za mataifa manne hazikuwa na kitabu kimoja cha ishara. Zilikuwa hazijapata nafasi ya kufanya mazoezi ya pamoja ya kutosha. Amri ya Doorman ilitolewa kwa Kiholanzi, ofisa wa Kimarekani aliyekuwamo De Ruyter akaigeuza kuwa Kiingereza, ndipo ikatumwa kwa redio au kwa taa. Aidha, ndege ndogo ambazo manowari kubwa hubeba kwa ajili ya kuchungulia adui ziliachwa nchi kavu, kwa kuwa ilitarajiwa kwamba mapigano yatakuwa ya usiku. Rubani wa mwaka 1915 akaenda vitani kama kipofu.

Mbele yake alikuwa Admirali Takagi Takeo, mwenye manowari mbili nzito, Nachi na Haguro, nyingine mbili za wastani na nyepesi 14, zikilinda meli za kuchukua askari wa kuteremka Java. Wajapani walikuwa na ndege angani za kuwaonyesha mahali pa kupiga. Walikuwa pia na topido iliyosukumwa na oksijeni, yenye uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 20 kwa kasi kubwa bila kuacha alama ya kuonekana kwa urahisi juu ya maji. Wapinzani wao hawakujua kwamba silaha ya namna hiyo ipo.

Mizinga ilianza kulia baada ya saa kumi jioni. Kwa karibu saa nzima hakuna upande ulioumia sana. Kisha kombora likaingia katika chumba cha mitambo ya mvuke cha Exeter. Meli ikapoteza mwendo, ikakata kushoto kutoka katika mstari. Meli zilizokuwa nyuma yake zilidhani Admirali ametoa amri ya kugeuka, nazo zikageuka. De Ruyter ikajikuta inakwenda mbele peke yake. Katika vurugu hiyo topido ilimpiga Kortenaer, manowari nyepesi ya Uholanzi, ikavunjika vipande viwili. Electra ya Waingereza iliingia moshini kuikinga Exeter, ikazamishwa.

Doorman alizikusanya meli zilizobaki. Exeter aliirudisha Surabaya, ikisindikizwa na Witte de With. Manowari nyepesi za Marekani zilimaliza topido zao, zikaenda bandarini. Giza likaingia. Mara mbili alijaribu kuizunguka ile ngome ya manowari ili aufikie msafara wa askari, na mara mbili ndege za Kijapani zilidondosha mienge ya kumulika njia yake. Jupiter ya Waingereza ililipuka kwa bomu la kutegwa baharini ambalo Waholanzi wenyewe walilitega siku ileile. Kikosi kilipopita mahali ilipozama Kortenaer, Encounter iliachwa nyuma iokoe watu, na iliwatoa majini 113. Zikabaki manowari kubwa nne bila msindikizaji hata mmoja: De Ruyter, Perth, Houston na Java.

Karibu na saa sita usiku Nachi na Haguro zilituma topido. Java na De Ruyter zilipigwa kwa tofauti ya dakika chache. Java ilizama upesi. De Ruyter iliungua na kuelea kwa muda, kisha ikafuata. Admirali Doorman na nahodha wake, Eugène Lacomblé, walizama nayo. Amri yake ya mwisho, kwa mujibu wa taarifa ya nahodha Hector Waller wa Perth, ilikuwa kwamba Perth na Houston zisikae kuokoa watu wake, bali ziende Batavia.

Manowari hizo mbili ziliponyoka, lakini usiku uliofuata zilizamishwa katika mlango wa bahari wa Sunda. Tarehe 1 Machi Exeter na Encounter nazo zikazama. Wajapani waliteremka Java wakiwa wamecheleweshwa kwa takriban siku moja, na kisiwa kilisalimu amri kabla Machi haijafika katikati.

Maneno aliyosema na asiyosema

Kila mtoto wa shule wa Uholanzi wa miaka ya baada ya vita alifundishwa kwamba Doorman alituma ishara hii: "Nashambulia, nifuateni." Ni maneno matamu, yanafaa kuandikwa katika sanamu. Ishara iliyopokewa na meli nyingine haikuwa hiyo. Ilikuwa ya Kiingereza na fupi zaidi: meli zote zinifuate. Haikuwa hotuba ya ushujaa. Ilikuwa ishara ya mtu ambaye mstari wake umevunjika, hana kitabu cha ishara cha pamoja, na amebakiwa na amri moja tu ambayo watu wa lugha zote wataielewa.

Mimi naona ishara hiyo fupi ina heshima kubwa kuliko ile iliyorembwa, kwa sababu ndani yake mnasomeka mambo yote yaliyokosekana. Anayeirembesha anawasamehe waliopaswa kutayarisha mazoezi, ndege na kitabu cha ishara miezi mingi kabla. Ushujaa wa mtu wa mwisho kwenye mstari hauwezi kuziba pengo lililoachwa na waliokaa vikaoni. Helfrich, akiwa nchi kavu, alikasirika hata kwamba Perth na Houston ziliondoka, kwa kuwa agizo lake lilisema washambulie mpaka mwisho. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa anapoteza nchi aliyozaliwa. Lakini agizo la namna hiyo linamtaka mtu aliyetangulia kusema kwamba watu wake wamechoka afanye kama hakusema.

Je, Doorman angekataa? Wapo wanaosema angeokoa meli na watu kwa kuondoka kwenda Australia mapema. Wengine wanasema ofisa akianza kuchagua maagizo, jeshi limekwisha. Nadhani alifanya yale yaliyokuwa katika uwezo wake: aliwaambia wakubwa ukweli, alipoambiwa aende alikwenda mbele ya wote, na alipozama hakutaka wengine wafe kwa ajili yake. Lawama iliyobaki si yake peke yake.

Sisi inatuhusu nini?

Najua wapo watakaouliza: huyu alikuwa mkoloni akilinda koloni, tumlilie kwa lipi? Swali ni halali. Indonesia ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti, 1945, na Waholanzi waliupinga kwa silaha mpaka walipokabidhi madaraka Desemba 1949. Mwaka 1960 meli yao ya kubebea ndege, iliyopewa jina la Karel Doorman, ilipelekwa New Guinea kuonyesha nguvu mbele ya Indonesia, katika nchi ileile ambayo kijana Doorman alikwenda kuipima pwani. Jina la mfu hutumiwa na walio hai.

Lakini tukumbuke waliokuwa chini ya sitaha. Katika makaburi ya Kembang Kuning, Surabaya, upo mnara wa Karel Doorman wenye mabamba ya shaba yaliyoandikwa majina ya watu 915. Miongoni mwao wamo mabaharia wa Kiindonesia, waliokufa wakilinda bendera iliyowatawala. Sisi wenye wazee waliovaa sare ya King's African Rifles tunaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani haohao katika misitu ya Burma.

Na vita yenyewe ilitusogelea. Java ilipoanguka, mlango wa mashariki wa Bahari ya Hindi ulikuwa wazi. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, na Waingereza wakahamishia sehemu kubwa ya meli zao Kilindini, Mombasa. Wataalamu wao wa kufumbua ishara za siri za Wajapani waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Mwezi Mei Waingereza walivamia Madagascar kwa kuhofia Wajapani wasiitangulie, na katikati ya mwaka huo nyambizi za Kijapani zilikuwa zinazamisha meli za mizigo katika mlango wa Msumbiji. Nawaomba wanafunzi wafikirie jambo hilo: somo la ishara lililowashinda walioungana Java lilikuja kufanyiwa kazi katika madarasa ya shule ya sekondari ya pwani yetu.

Yaliyobaki

Mwaka 2002 wapiga mbizi walizikuta De Ruyter na Java chini ya bahari, karibu miaka 60 baada ya kuzama. Yalikuwa makaburi ya mamia ya watu. Mwaka 2016, wakati wa maandalizi ya kumbukumbu ya miaka 75, wapiga mbizi walirudi na kukuta mashimo tu mchangani. Meli zote mbili zilikuwa hazipo, na sehemu kubwa ya Kortenaer pia. Wezi wa vyuma chakavu walikuwa wamezing'oa na kuzibeba kipande kwa kipande.

Chuma kimeuzwa. Limebaki bamba la majina Surabaya, na imebaki habari yenyewe, ambayo nayo inaweza kung'olewa kipande kwa kipande na wanaopenda maneno matamu kuliko ya kweli. Vijana wetu, kesho na keshokutwa mtakuwa makamanda, wakurugenzi, madaktari na walimu wakuu. Mtatoa maagizo. Kabla hamjaweka sahihi, ulizeni kama yule anayekwenda kutekeleza ana kitabu cha ishara, ana ndege, na amelala. Na akiwajibu kwamba watu wake wamefikia kikomo, someni jibu hilo mara mbili.